Kuunganisha tanuru la kuni na mabomba ya hewa ya nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu wenye nyumba wa kaskazini mwa Marekani na Kanada, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa hewa inayosukumwa na feni kupitia mabomba ya bati. Wasemaji wengi wa Kiswahili waliohamia Portland na Lewiston, jimbo la Maine, hukutana na mfumo huu kwa mara ya kwanza wanaponunua nyumba: tanuru la mafuta au gesi liko besimenti (chumba cha chini ya nyumba), jirani anachoma kuni, na bili ya Januari imeshafika. Vipimo vimeachwa katika futi, inchi na Farenhaiti kwa kuwa ndivyo vilivyo kwenye lebo na vifaa vyenyewe.

Jambo moja liko nyuma ya karibu kila jibu. Tanuru la gesi ukilizima, limezimika. Moto wa kuni hauna swichi. Ukishapakia kuni, joto litaendelea kutoka kwa saa kadhaa, feni izunguke isizunguke. Kazi ya kuunganisha bati ni ya siku moja au mbili. Kinachotaka akili ni kujua joto hilo litapita wapi pale mambo yasipoenda sawa.

## Mambo ya msingi

Tanuru la kuni lina tofauti gani na jiko la kuni la sebuleni?

Jiko hupasha chumba lilimo. Tanuru limevikwa ganda la bati kuzunguka kikasha cha moto. Hewa ya nyumba hupita kati ya ganda na kikasha, hupata joto bila kukutana na moshi, kisha huingia kwenye plenamu, yaani sanduku la bati lililo juu ya tanuru ambako mabomba yote huanzia. Tanuru linalouzwa kama la kuongezea hutengenezwa likae kando ya lile la gesi au mafuta na kutumia mabomba yaleyale.

Naweza kufunika jiko la kawaida kwa kofia ya bati na kuiunganisha na mabomba?

Hapana. Jiko halikupimwa likiwa limefunikwa. Ukilifunika, kuta zake hupanda joto kupita kiasi, huweza kupinda au kupasuka kwenye viungio, na ufa ukitokea feni husambaza moshi na kaboni monoksidi hadi vyumba vya kulala. Vilevile usitoboe bomba la hewa ya kurudi (linalorudisha hewa ya vyumba kwenye tanuru) juu ya jiko ukidhani litanyonya joto. Litanyonya, na moshi nao utafuata.

Nitajuaje kama tanuru linakubalika?

Tafuta lebo ya chuma iliyogongwa kwenye ganda. Kwa Marekani iwe imetaja kiwango cha UL 391, kwa Kanada CSA B366.1. Tangu Mei 2020, tanuru jipya la hewa linalouzwa Marekani sharti litimize kikomo cha EPA, shirika la mazingira la Marekani, cha ratili 0.15 za chembe za moshi kwa kila Btu (kipimo cha joto) milioni moja. Tanuru kuukuu lisilo na lebo hupatikana kwa bei ya kutupwa, lakini mkaguzi hana kipimo cha kulipimia, na kampuni ya bima huwa na jibu fupi.

Nichague ukubwa gani?

Dogo kuliko unavyodhani. Nyumba ya futi za mraba 1,500 iliyofungwa vizuri inaweza kuhitaji Btu 30,000 hadi 40,000 kwa saa usiku wa baridi kali; ya zamani inayovuja upepo huhitaji zaidi. Ukiweka tanuru la Btu 100,000 mahali pa 40,000, utalibania hewa karibu msimu mzima. Moto unaobaniwa huungua kwa moshi mwingi na ubaridi, na moshi huo huganda ndani ya dohani kama kreosoti, utando mweusi mithili ya lami. Tanuru la gesi lililopo libaki kwa usiku ule mchache ambao kuni pekee hazitoshi. Ndiyo maana halisi ya kuongezea.

Kuna nyumba zisizofaa?

Nyumba za kuhamishika za kiwandani, isipokuwa lebo ya tanuru itaje wazi kwamba linaruhusiwa humo; lebo nyingi hazitaji. Gereji pia haifai: kiwango cha NFPA 211 kinakataza kifaa cha kuchoma kuni humo kwa sababu ya mvuke wa petroli. Mahali pake ni besimenti yenye sakafu ya saruji, na nafasi ya kupakia mbele ya mlango, mara nyingi futi 4.

## Mpangilio wa matanuru mawili

Niunganishe sambamba au kwa mfululizo?

Hapa ndipo makosa ya gharama huanzia.

Katika mpangilio sambamba, kila tanuru lina feni yake. Yote mawili huvuta kutoka bomba kuu la hewa ya kurudi na kusukuma kwenye bomba kuu la hewa ya moto. Moja likifanya kazi, jingine limepumzika. Sharti lake ni dampa, yaani vibamba vya kufungua na kuziba njia ya hewa, za kuzuia hewa isirudi nyuma, tulizozieleza chini kidogo. Ukiwa na kiyoyozi, au tanuru la gesi la kisasa lenye bodi ya elektroniki, huu ndio mpangilio wenye usumbufu mdogo.

Katika mfululizo, hewa hupita tanuru moja kisha la pili. Utaratibu unaokubalika ni huu: hewa ya kurudi inaingia kwenye tanuru la gesi au mafuta, feni yake inaisukuma, inatoka kwenye plenamu yake, inashuka kwa bomba hadi chini ya tanuru la kuni, inapanda kupitia ganda lake, ndipo inaingia kwenye mabomba ya nyumba. Faida ni kwamba feni ni moja na hakuna haja ya dampa katikati. Hasara ni kwamba feni hiyo sasa inasukuma hewa kupitia vizuizi viwili. Kama mabomba yalikuwa membamba tangu awali, vyumba vya mwisho vitapungukiwa hewa hata siku ambayo hukuwasha kuni.

Soma miongozo ya matanuru yote mawili kabla ya kukata bati. Mingine inakataza mfululizo moja kwa moja, na kwa mkaguzi neno la mtengenezaji ndilo la mwisho.

Kwa nini tanuru la kuni lisitangulie katika mfululizo?

Kwa sababu hewa ya nyuzi 140 au zaidi itaingia kwenye feni, mota, nyaya na bodi ya tanuru la gesi, vitu vilivyoundwa kupokea hewa ya chumba ya nyuzi 60 hadi 70. Mota itakufa mapema. Gesi nayo ikiwaka juu ya hewa iliyokwisha kupata joto, swichi yake ya usalama itakata kila mara. Tanuru la gesi la ufanisi wa asilimia 90 na zaidi huathirika kwa namna nyingine pia: linategemea hewa baridi ili mvuke wa moshi wake ugeuke maji, na hewa ya moto inaua ufanisi uliolipia.

Dampa za kuzuia hewa kurudi nyuma zinakaa wapi?

Katika mpangilio sambamba, moja ikae kwenye njia ya kutokea ya kila tanuru, kabla ya mahali mabomba yanapokutana. Bila dampa upande wa gesi, feni ya kuni itasukuma hewa ya moto ndani ya tanuru la gesi lililolala, iteremke hadi kwenye bomba la kurudi, na izunguke besimenti bila kupanda juu. Utaona dalili: vyumba havipati joto, na feni ya gesi inazunguka kinyumenyume polepole. Siku tanuru la gesi likitakiwa kuwaka, mota inaanza kazi ikiwa inazunguka upande usio wake.

Dampa ya uzito, inayofunguka kwa msukumo wa hewa na kujifunga yenyewe, inatosha upande wa gesi. Upande wa kuni fikiri mara mbili. Dampa inayofunga kabisa hapo inafungia joto ndani umeme ukikatika. Kama mwongozo unairuhusu, iwe ile ambayo uzito wake unaielekeza kufunguka, au ya mota yenye springi inayoifungua umeme unapokosekana. Dampa ya mkono inayoweza kufungwa ikasahauliwa isiwekwe kamwe kwenye njia ya kutokea ya tanuru la kuni.

Nina kiyoyozi. Koili yake iko kwenye plenamu ya tanuru la gesi. Kuna shida?

Zipo mbili, moja ya msimu wa baridi na moja ya kiangazi. Wakati wa baridi, hewa ya kuni ikipita kwenye koili, sinia ya plastiki ya kukusanyia maji hupinda na msukumo wa gesi ya ubaridi hupanda ndani ya koili. Wakati wa kiangazi, hewa baridi ikipita ndani ya tanuru la kuni, unyevu huganda kwenye chuma na kikasha cha moto huanza kutu kutoka nje, usipopaona.

Suluhisho ni mpangilio sambamba: koili ibaki upande wa gesi, na hewa ya kuni iingie kwenye bomba kuu baada ya koili. Kwa kiangazi weka bamba la bati la kuziba tanuru la kuni, lenye alama kubwa inayoonekana, nalo liondolewe kabla ya moto wa kwanza. Wengine hufunga swichi kwenye bamba hilo isiyoruhusu feni ya hewa ya mwako kuwaka bamba likiwa mahali pake.

Na kama nyumba inatumia pampu ya joto?

Kanuni ni ileile ya koili, ila makosa yanagharimu zaidi, kwa kuwa pampu ya joto hufanya kazi msimu wa baridi. Hewa ya kuni isiingie kwenye koili ya ndani hata kidogo. Ikiingia, msukumo unapanda na kompresa inajizima. Weka pia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kuzuia mifumo miwili isiwake pamoja (tazama "Themostati mbili zifanyeje kazi?").

## Kiasi cha hewa na mabomba

Nitajuaje hewa ninayohitaji?

Gawanya Btu za tanuru kwa zao la 1.08 na ongezeko la joto unalotaka. Tanuru linalotoa Btu 60,000 kwa saa, ukitaka hewa ipande nyuzi 60 kutoka kurudi hadi kutoka, linahitaji:

60,000 ÷ (1.08 × 60) = takriban futi za ujazo 925 kwa dakika.

Ukipeleka 500 tu, ongezeko linakuwa nyuzi 111. Hewa iliyorudi kwa nyuzi 65 inatoka kwa nyuzi 176, na swichi ya usalama iko karibu kukata. Joto ambalo halikuchukuliwa na hewa linapanda na moshi.

Tanuru langu lina matundu mawili ya inchi 8. Yanatosha?

Mara nyingi hayatoshi, na hili ni lalamiko la kila msimu. Bomba la duara la inchi 6 hubeba takriban futi za ujazo 100 kwa dakika katika nyumba ya kawaida. La inchi 8, kama 200. La inchi 10, kama 400. Feni inaweza kulazimisha zaidi, kwa kelele na kwa kuchosha mota. Mabomba mawili ya inchi 8 yenye elbo (viungo vya kona) tatu kila moja hayatabeba 925.

Kama mwongozo unaruhusu, jenga plenamu kamili juu ya tanuru na utoke kwa bomba la mstatili la inchi 8 kwa 20, ambalo hubeba karibu 1,000 kwa mwendo wa futi 900 kwa dakika. Kama hauruhusu, fupisha njia, tumia elbo chache na uingie kwenye bomba kuu kwa pembe ya nyuzi 45 kuelekea hewa inakokwenda. Ukiingia kwa nyuzi 90, hewa inagonga ukuta wa pili na kutapakaa.

Tanuru linaweza kuvuta hewa ya besimenti, bila bomba la kurudi?

Linaweza, na wengi wameliacha hivyo, na ni hatari. Feni inayonyonya futi za ujazo 900 kwa dakika kutoka chumba kilichofungwa inapunguza msukumo wa hewa humo hadi dohani inaanza kuvuta kinyume: moshi wa kuni, au wa kichemsha maji cha gesi kilichopo jirani, unarudi chumbani na feni inaupandisha juu. Unganisha bomba la kurudi lenye eneo lisilopungua lile la kupeleka, na kinywa chochote cha kurudi kiwe angalau futi 10 kutoka kwenye kikasha cha moto kama viko chumba kimoja. Mlango wa chujio ufunge barabara.

Chujio la aina gani?

MERV 8 au chini yake (MERV ni daraja la kuchuja; namba kubwa huchuja zaidi), lenye eneo kubwa. Chujio la MERV 13 la unene wa inchi 1 ni zuri kwa mwenye mzio, lakini linakaba hewa, na hewa ikikabwa rudi kwenye hesabu ya juu uone joto linavyopanda. Likague kila mwezi wakati wa kuchoma. Besimenti yenye kuni ina vumbi la maganda.

Bati la aina gani, na likae umbali gani na mbao?

Mabati ya zinki, viungio vikazwe kwa skurubu na kuzibwa kwa mastiki au tepu ya aluminiamu. Ile tepu ya kitambaa ya kijivu huachia gundi baada ya misimu michache. Mabomba yanayokunjika, yenye ngozi ya plastiki, yasitumike karibu na tanuru la kuni.

Umbali kutoka plenamu hadi boriti za dari umeandikwa kwenye lebo. Miongozo mingi hutaka inchi 6 katika futi 6 za mwanzo, kisha hupunguza. Nyumba za zamani zina mabomba yaliyobanwa kati ya boriti kwa nafasi ya nusu inchi, yaliyokuwa salama kwa gesi. Hayo yahamishwe. Mbao iliyochomwa na joto miaka mingi huwaka kwa joto dogo kuliko mbao mpya.

## Dohani na bomba la moshi

Tanuru la kuni linaweza kutumia dohani moja na tanuru la mafuta?

Chini ya kanuni za Marekani, hapana: kifaa cha kuni kisishiriki njia ya moshi na kifaa kingine. Kreosoti ya kuni huweza kuziba njia, na moshi wa mafuta ukakosa pa kutokea. Cheche nazo zinaweza kupita zikateremkia kifaa cha pili. Dohani ya matofali ikiwa na njia mbili zilizotenganishwa ndani, kila moja ipewe tanuru lake.

Dohani iwe ya namna gani?

Ya chuma iwe ya daraja la UL 103 HT, iliyopimwa kustahimili nyuzi 1,000 mfululizo na 2,100 kwa dakika 10. Kwa Kanada, ULC S629. Ya matofali iwe na ganda zima la udongo wa kuchomwa, au iwekewe bomba la ndani la chuma cha pua. Eneo lake la ndani lisizidi mara 3 ya eneo la tundu la tanuru, au mara 2 kama dohani imepita nje ya ukuta. Njia pana hupoza moshi, na moshi uliopoa haupandi.

Kimo: futi 3 juu ya mahali dohani inapotoboa paa, na futi 2 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya futi 10 kwa mlalo. Timiza yote mawili.

Bomba la kutoka tanuru hadi dohani?

Chuma cheusi cha geji 24, kipenyo sawa na tundu la tanuru, skurubu 3 kila kiungio, na mteremko wa robo inchi kwa kila futi kupanda kuelekea dohani. Ncha zilizofinywa zielekee tanuru ili kreosoti ya majimaji irudi ndani badala ya kuchuruzika nje. Umbali na mbao ni inchi 18 kwa bomba la ukuta mmoja. Elbo zisizidi mbili za nyuzi 90. Bomba la zinki lisitumike hapa: likipata joto kali hutoa mvuke wa sumu.

Dampa ya barometa ni ya lazima?

Fuata mwongozo. Matanuru mengi hutaka mvuto kati ya inchi 0.03 na 0.06 za maji, na dohani ndefu usiku wa upepo huvuta zaidi ya hapo. Dampa ya barometa huingiza hewa ya chumba ili mvuto usizidi, moto usiwake kupita kiasi. Lakini kuna mengine yanayoikataza, kwa sababu hewa hiyo hupoza moshi na, dohani ikishika moto, huulisha. Vyovyote iwavyo, pima kwa manometa (kipima msukumo wa hewa) tanuru likiwa limepata moto, si kwa kukisia.

## Umeme na themostati

Feni huwashwa na nini?

Swichi ya joto iliyo kwenye plenamu, si themostati. Kwa kawaida huwasha kati ya nyuzi 120 na 130 na kuzima kati ya 90 na 100. Themostati ya ukutani kazi yake ni kufungua na kufunga hewa ya mwako. Feni ikiwaka na kuzimika kila dakika mbili, kwanza angalia kama kasi yake ni kubwa mno kwa moto uliopo.

Katika mfululizo, nawezaje kuwasha feni ya tanuru la gesi?

Swichi ya joto ya tanuru la kuni ifunge saketi kati ya vituo vya nyaya R (umeme wa volti 24) na G (agizo la feni) kwenye bodi ya gesi, kupitia rilei. Kuna mtego: kwenye mota za kasi nyingi, G huendesha feni kwa kasi ya chini ya kuzungushia hewa tu, na hiyo haitoshi kuni. Ama badilisha kasi ya G kwenye bodi, ama tumia Y, ambayo huita kasi ya kiyoyozi. Ukitumia Y, waya unaokwenda kwenye kompresa ya nje utenganishwe kwa rilei, la sivyo kiyoyozi kitawaka Januari.

Themostati mbili zifanyeje kazi?

Ya kuni iweke nyuzi 70, ya gesi 64 au 65. Moto ukifa usiku, nyumba inashuka hadi 65 na gesi inapokea zamu, mabomba ya maji yasigande. Ongeza rilei ya kutenganisha: plenamu ya kuni ikifika nyuzi 120, rilei inakata waya wa W (unaoagiza joto) wa gesi, ikipoa, inaurudisha.

Kila tanuru lina transfoma yake ya volti 24. Usiunganishe nyaya za transfoma mbili moja kwa moja; zisipolingana awamu, moja huungua na bodi huenda nayo. Koili ya rilei ilishwe na tanuru moja, migusano yake ibebe saketi ya jingine. Usiguse wala kuruka swichi za usalama za tanuru lolote, hata kwa kujaribu.

## Umeme ukikatika

Nini hutokea feni ikisimama moto ukiwaka?

Hewa ya mwako hufungwa na springi au uzito, moto unapungua polepole, na joto lililobaki hupanda lenyewe kupitia mabomba. Ndiyo sababu ya yote yaliyosemwa kuhusu dampa. Joto likipata njia pana ya kupanda, plenamu inakaa salama. Likikutana na bamba lililofungwa au vinywa vya sakafuni vilivyozibwa kwa zulia, chuma kinapanda hadi kupinda.

Mambo ya kufanya, kama mwongozo haukatazi: usiongeze kuni, funga hewa ya mwako kwa mkono, fungua vinywa vyote vya vyumbani, ondoa chujio. Miongozo mingine husema pia ufungue mlango wa chujio. Umeme ukirudi, mlango huo ufungwe mara moja, maana feni ikianza ukiwa wazi, itanyonya hewa ya besimenti kama ilivyoelezwa juu. Usimwage maji kwenye moto. Chuma cha moto kikipata maji hupasuka.

Jenereta ndogo inatosha?

Feni ya nusu nguvu-farasi ya mtindo wa zamani hula takriban ampea 7 za volti 120, karibu wati 800, na huruka mara mbili au tatu inapoanza. Jenereta ya inveta ya wati 2,000 huiendesha. Iwe nje, futi 20 au zaidi kutoka madirisha, na iunganishwe kupitia swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi umeme. Waya wenye ncha za kuchomeka pande zote mbili umeshaua mafundi wa laini za umeme.

## Matatizo ya mara kwa mara

Moshi hutoka nikifungua mlango.

Fungua hewa ya mwako kwanza, subiri nusu dakika, fungua mlango inchi moja, kisha wote. Kama bado, angalia kofia ya juu ya dohani: wavu wake huziba kwa kreosoti kabla ya kitu kingine. Kisha zima feni za jikoni na bafuni ujaribu tena. Nyumba iliyofungwa barabara huhitaji bomba la kuleta hewa ya nje.

Vyumba vya mbali ni baridi, vya karibu ni jehanamu.

Mabomba yalisawazishwa kwa tanuru la gesi. Punguza dampa za matawi ya karibu, usizifunge zote. Ziba kwanza mivujo ya bomba kuu besimenti. Mara nyingi joto lako limebaki humo.

Kreosoti inajaa haraka.

Pima kuni kabla ya kulaumu tanuru. Pasua gogo, chomeka kipima unyevu kwenye uso mpya wa ndani. Zaidi ya asilimia 20 ni mbichi, hata kama muuzaji ameapa. Mepo (mti wa maple) hutaka mwaka mmoja ikiwa imepasuliwa na kupangwa. Mwaloni mwekundu, miwili. Safisha dohani kabla ya msimu, kisha kila masizi yanapofika unene wa moja ya nane ya inchi.

Kordi moja ya kuni inaokoa mafuta kiasi gani?

Kordi kamili ni futi za ujazo 128, rundo la 4 kwa 4 kwa 8. Kordi ya mepo ngumu iliyokauka ina takriban Btu milioni 24. Ukipata asilimia 65 hadi 70 ya hiyo, ni sawa na galoni 130 hadi 145 za mafuta kwenye tanuru la asilimia 85. Mbao laini kama msonobari hutoa chini ya hapo, wakati mwingine nusu na kidogo.

## Hali za pekee

Badala ya tanuru la hewa, naweza kutumia boila la kuni la nje?

Ndiyo, na kwa mabomba ya hewa ni rahisi zaidi. Maji ya moto huletwa kwa mabomba ya plastiki ya PEX yaliyofukiwa na kukingwa baridi, yakapita kwenye koili iliyowekwa kwenye plenamu, baada ya tanuru la gesi. Feni ya gesi hupuliza hewa kupitia koili. Moto hauko ndani ya nyumba, na umeme ukikatika plenamu haipati joto la hatari. Ubaya ni bei, hatari ya maji kuganda, na moshi kwa jirani. Miji kadhaa imeweka masharti ya umbali. Pima ukinzani wa hewa wa koili kabla ya kununua, kwa sababu ileile iliyotajwa kwenye mfululizo.

Nahitaji kibali?

Karibu kila mahali, ndiyo. Uliza ofisi ya ujenzi ya mji au zimamoto kabla ya kununua, na pata jibu la bima kwa maandishi. Maine, mafundi wa mifumo ya kati ya kuni hupewa leseni na Maine Fuel Board. Kanada, bima nyingi hutaka ripoti ya mkaguzi mwenye cheti cha WETT, cha mifumo ya kuni. Ukipangisha ghorofa moja ya nyumba yako, kanuni zinakaza zaidi; sema hivyo mapema kwa mkaguzi.

Vigunduzi vya kaboni monoksidi viwekwe wapi?

Kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Cha besimenti kisikae juu ya mlango wa kupakia, kitalia kila unapoongeza kuni hadi mtu akichomoe betri. Futi 15 kutoka kwenye tanuru panatosha.

Majivu?

Ndoo ya chuma yenye kifuniko, iwekwe nje juu ya saruji au udongo, mbali na ukuta na veranda ya mbao. Makaa yaliyofunikwa na majivu huweza kukaa hai siku kadhaa. Ndoo ya plastiki na mfuko wa karatasi havifai hata kwa majivu yanayoonekana yamepoa.